Kipimo cha Upepo

Miaka ishirini na mitatu nimekaa kando ya barabara hii,
hapa Nakuru inapoishia na malori yanapoanza kuhema
kuelekea Salgaa,
nikiyapima upepo.
Nagonga tairi kwa nyundo mara moja, nasikiliza:
lililolegea hunung'unika,
lililozidi hulia kama chungu kisicho na ufa.
Kipimo nakitia tu kumridhisha dereva.

Kwa hiyo Sista Jerotich aliponifunga kile kitambaa mkononi,
akaanza kuminya mpira wake, fyu, fyu, fyu,
nilicheka.
Nikamwambia, kazi hiyo hata mimi naifanya,
ila wewe unajaza bila kompresa.
Hakucheka. Akautoa upepo polepole,
jicho kwenye mshale,
akarudia mkono wa pili.
Mia na themanini, akasema, juu ya mia na kumi.
Nikamwambia, mia na kumi si vibaya.
Akasema: kwa lori.

Sikuwa naumwa popote. Hilo ndilo lililoniudhi.
Tairi linalotaka kupasuka halikuvizii,
huvimba ubavu, huchemka, huonyesha nyuzi.
Mimi nilikuwa nimeshiba chapati tatu na maharage.

Lakini Machi tulimzika Gathogo,
aliyeshika spana upande wa pili kwa miaka kumi na moja.
Aliinama kuvuta nati, akakaa chini,
akaniuliza mbona wamezima mchana.

Usiku ule nilijipapasa shingo, nikajipapasa kifundo cha mkono,
nikitafuta valvu.
Mungu hakuweka.
Tairi unalibonyeza kwa ncha ya msumari,
linapiga mluzi, kwisha.
Mtu hutolewa upepo kwa vijiko,
mwezi baada ya mwezi.

Nyaboke aliuondoa mkebe wa chumvi mezani,
akaupandisha juu ya kabati,
aliponikuta juu ya kiti, akampa jirani.
Wiki ya kwanza sukuma ilikuwa kama kutafuna barua ya benki.
Akakamua ndimu. Akaongeza dania.
Wiki ya tano, sijui kilitokea nini,
niliuma kitunguu nikanyamaza:
kumbe muda wote huu
kitunguu kilikuwa kinasema na mimi
na chumvi inamkatiza.

Mutura wa Kamande sasa naupita upande wa upepo mbaya,
pua nimeigeuzia ukuta.

Bodaboda nimeiacha pia. Kutoka Kiamunyi natembea,
alfajiri, koti limefungwa hadi kidevuni,
ziwa liko chini kule kama sufuria iliyosahaulika nje.
Siku za kwanza nilisimama kila nguzo ya stima
nikijifanya natafuta simu mfukoni.
Siku hizi nguzo zinapita.
Shitanda, kijana wangu wa mkono, ananiita Baiskeli.

Na kidonge, kila asubuhi,
hata siku ninayojisikia chuma.
Hasa siku hiyo, anasema Sista.

Sigara bado moja, baada ya lori la mwisho.
Naiandika hapa Nyaboke aisome,
maana mdomo umeshindwa.

Juzi mshale umeshuka: mia na arobaini na mbili,
juu ya tisini na moja.
Haujafika. Lakini Sista aliuandika kwa wino,
zamani alikuwa ananiandika kwa penseli.

Jana dereva wa lori la mahindi alipiga honi tangu mbali,
akashuka macho mekundu, shingo imejaa kola,
akataka nimjazie haraka, haraka, haraka.
Nilimpima magurudumu yote ishirini na mawili.
Yalikuwa sawa.
Kisha nikamtazama yeye,
nikamwonyesha kwa spana lango la kliniki
ng'ambo ya barabara.

Akacheka.
Nilikijua kile kicheko.
Nikamshikia mlango wa lori, nikaukalia ufunguo.